Willem Karel Dicke

Willem Karel Dicke (Dordrecht, 11 Februari 1905 – Utrecht, 27 Aprili 1962) alikuwa daktari wa watoto kutoka nchini Uholanzi. Anajulikana hasa kwa kugundua kwamba ngano ndiyo inayowadhuru watoto wenye ugonjwa wa siliaki, na kwa kuanzisha mlo usio na ngano kama tiba ya ugonjwa huo. Kabla ya ugunduzi wake watoto wengi wenye siliaki walidhoofika kwa miaka, na baadhi yao walifariki, huku wakilishwa mkate ili wapate nguvu.

Hadi leo tiba ya msingi ya siliaki ni ileile ya Dicke: mgonjwa huacha maisha yake yote vyakula vyenye gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano). Tiba hiyo hutekelezwa jikoni na familia nzima, na hujaribiwa zaidi siku za sikukuu, ndugu wanapokusanyika kula pamoja. Katika sehemu zinazokula wali na muhogo kama chakula kikuu, kwa mfano delta ya Rufiji na Kibiti nchini Tanzania, mlo huo unafanana kwa kiasi kikubwa na chakula cha kila siku, ila vitafunio vya sikukuu vinahitaji uangalifu.

Ugonjwa kabla ya Dicke

Ugonjwa wa siliaki ni wa zamani. Aretayo wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2 BK, alieleza wagonjwa waliokonda na kuharisha kwa muda mrefu kwa sababu tumbo lao halikuweza kutumia chakula. Jina la ugonjwa linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo.

Mwaka 1887 daktari Mwingereza Samuel Gee alitoa mhadhara kuhusu ugonjwa huo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, na mwaka uliofuata aliuchapisha. Alieleza watoto waliovimba tumbo, waliokonda mikono na miguu, na waliopata choo kingi cheupe chenye harufu mbaya. Gee aliamini kwamba kama wagonjwa hao wataweza kupona, itakuwa kwa njia ya chakula. Alimtaja mtoto mmoja aliyestawi alipolishwa kome wengi wa Uholanzi kila siku, lakini akarudi katika hali mbaya msimu wa kome ulipokwisha. Hata hivyo Gee hakutambua ni chakula gani hasa kilichodhuru, na aliruhusu mkate uliochomwa.

Nchini Marekani Christian Herter aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1908, na kwa muda mrefu uliitwa ugonjwa wa Gee na Herter. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza mlo wa ndizi. Watoto walipewa ndizi nyingi kila siku pamoja na vyakula vichache vingine, lakini mkate, biskuti na nafaka ziliondolewa. Wengi walipata nafuu. Haas alidhani kwamba ndizi ndizo zilizoponya. Kwa kweli mlo wake ulifaa kwa sababu uliondoa ngano. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwani mtoto aliyedhaniwa amepona kwa ndizi aliweza kurudishiwa mkate na kuugua tena.

Maisha ya awali na elimu

Dicke alizaliwa Dordrecht, mji wa bandari ulio kusini-magharibi mwa Uholanzi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden kuanzia mwaka 1922 hadi 1929. Baada ya hapo alijifunza ubingwa wa magonjwa ya watoto katika hospitali ya watoto ya Juliana mjini Den Haag hadi mwaka 1933.

Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 31 tu, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa tiba wa hospitali hiyo. Nafasi hiyo ilimwezesha kuwafuatilia wagonjwa walewale kwa miaka mingi. Watoto wenye siliaki walilazwa kwa miezi, wakapimwa uzito mara kwa mara, na chakula chao kiliandikwa na kusimamiwa na hospitali. Kumbukumbu hizo ndizo zilizokuja kuwa msingi wa ugunduzi wake.

Uchunguzi kuhusu mkate

Miaka ya 1930 madaktari wa Den Haag walikuwa wameona kwamba baadhi ya watoto wenye siliaki huanza kuharisha tena mara baada ya kula mkate au mkate mkavu wa kuoka mara mbili, ambao Waholanzi huwapa sana watoto. Inasimuliwa pia kwamba mama mmoja kijana alimweleza Dicke kuwa mwanawe hupata nafuu anapoacha mkate, na hali yake huharibika anapoanza kuula tena.

Wakati ule mkate ulihesabiwa kuwa chakula bora cha watu wa Ulaya, na daktari angeweza kupuuza maneno hayo. Dicke aliyafanyia kazi. Katikati ya miaka ya 1930 alianza kuwapa watoto kadhaa mlo usio na ngano, kisha kulinganisha uzito na choo chao katika vipindi vya kula ngano na vya kutokula.

Mwaka 1941 alichapisha makala katika jarida la tiba la Kiholanzi akipendekeza mlo rahisi kwa wagonjwa wa Gee na Herter. Katika mlo huo hakukuwa na mkate wala mkate mkavu. Mtoto alikula chakula cha moto mara mbili kwa siku, na mlo wa tatu ulikuwa uji usiotiwa unga wa ngano. Makala hiyo iliandikwa kwa Kiholanzi wakati nchi imekaliwa na jeshi la Ujerumani, hivyo haikusomwa sana nje ya Uholanzi.

Njaa ya mwaka 1944–1945

Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 sehemu ya magharibi ya Uholanzi, pamoja na Den Haag, ilipatwa na njaa kali. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma ili kuyasaidia majeshi ya washirika, na Wajerumani wakazuia chakula kuingia mijini. Mkate ulikuwa haba sana. Watu walikula viazisukari na hata vitunguu vya maua ya tulipu, na takriban watu 20,000 walifariki.

Katika hali hiyo ilionekana kwamba watoto wenye siliaki hawakuzorota kama ilivyotarajiwa, na baadhi yao walikuwa na hali nzuri kuliko walivyokuwa wakati mkate ulipopatikana kwa wingi. Mkate uliporudi, dalili zao zilirudi.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi hata watu wengi wakaamini kwamba ugunduzi ulitokana na njaa. Mfuatano wa miaka hauungi mkono maelezo hayo. Dicke alikuwa ameanza majaribio yake takriban miaka kumi kabla ya njaa, na makala yake ilitangulia kwa miaka mitatu. Njaa ilithibitisha kwa watoto wengi kwa wakati mmoja jambo alilokwisha kuliona kwa wagonjwa wake wachache.

Tasnifu na ushirikiano wa Utrecht

Baada ya vita Dicke alihitaji ushahidi ambao hata wenye shaka wangeukubali. Alishirikiana na watafiti wawili wa Utrecht: daktari wa watoto H. A. Weijers na mwanakemia J. H. van de Kamer. Mwaka 1949 van de Kamer na wenzake walitangaza njia sahihi ya kupima mafuta yaliyomo katika choo. Kipimo hicho kilikuwa muhimu kwa sababu utumbo wa mgonjwa wa siliaki hushindwa kufyonza mafuta. Madaktari waliweza sasa kujua ni mafuta kiasi gani mtoto amekula na ni kiasi gani kimetoka bila kutumika.

Mwaka 1950 Dicke alitetea tasnifu yake ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Ndani yake alionyesha historia za watoto waliofuatiliwa kwa muda mrefu. Ngano ilipoondolewa, hamu ya kula ilirudi, uzito ukaongezeka na mafuta katika choo yakapungua. Ngano iliporudishwa, mambo hayo yalibadilika kinyume. Rai nayo ilidhuru. Mchele, mahindi na viazi havikudhuru.

Swali lililofuata lilihusu sehemu gani ya ngano ina madhara. Dicke, Weijers na van de Kamer waliwapa watoto wanga wa ngano uliosafishwa, na watoto hawakuzorota. Walipowapa sehemu yenye protini, dalili zilirudi. Katika makala walizochapisha mwaka 1953 walionyesha kwamba madhara yanatokana na gluteni, hasa sehemu yake inayoitwa gliadini. Mwaka 1952 kundi la watafiti wa Birmingham, Uingereza, likiwa na Charlotte Anderson, lilikuwa limethibitisha jambo hilohilo kwa wagonjwa wao. Kuanzia hapo mlo usio na gluteni ulianza kuenea katika hospitali za nchi nyingine.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1957 Dicke aliteuliwa kuwa profesa wa magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Utrecht na mkurugenzi wa hospitali ya watoto ya Wilhelmina mjini humo. Hakupata muda mrefu wa kufanya kazi katika cheo hicho, kwani afya yake iliharibika. Alifariki mjini Utrecht tarehe 27 Aprili 1962, akiwa na umri wa miaka 57. Nchini Uholanzi medali ya watafiti wa magonjwa ya tumbo na utumbo imepewa jina lake.

Namna gluteni inavyodhuru

Dicke alijua kwamba ngano inadhuru, lakini hakuishi kuona maelezo kamili ya sababu yake. Mwaka 1954 daktari Mwingereza John Paulley alionyesha kwamba utando wa ndani wa utumbo mwembamba wa wagonjwa umeharibika. Utando huo una vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki vinyweleo hivyo husinyaa na kuwa bapa, na chakula hupita bila kutumika.

Leo inafahamika kwamba siliaki ni ugonjwa wa kingamwili: kinga ya mwili huchochewa na gluteni na kuushambulia utumbo. Hutokea kwa watu waliorithi jeni fulani, ingawa wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Katika nchi nyingi za Ulaya takriban mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huo. Barani Afrika kiwango kikubwa kimepatikana kati ya watoto wa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wakiwa na siliaki. Watu hao hula ngano kwa wingi.

Dalili zake ni pamoja na kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa, kukonda, upungufu wa damu usiopona kwa dawa za madini ya chuma, na watoto kudumaa. Watu wengine hawaharishi kabisa. Dalili hizo zinafanana na za minyoo, utapiamlo na maambukizi ya tumbo, ambayo katika Afrika ya Mashariki ni ya kawaida. Kwa hiyo haifai mtu kujiamulia mwenyewe kwamba ana siliaki. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima damu na, mara nyingi, kwa kuchukua kipande kidogo cha utando wa utumbo kwa kipimo cha kamera, ambacho hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Dar es Salaam. Mgonjwa hapaswi kuacha ngano kabla ya vipimo, kwa sababu utumbo ukianza kupona majibu yanaweza kupotosha.

Siliaki ni tofauti pia na mzio wa ngano. Mwenye mzio anaweza kuvimba au kubanwa na pumzi mara baada ya kula. Mwenye siliaki anaweza asihisi kitu siku hiyo, huku utumbo wake ukiendelea kuharibika. Hii ndiyo sababu mazoea ya kusema kwamba kidogo hakidhuru ni hatari kwake. Kwa kipimo cha kimataifa cha Codex, chakula huitwa kisicho na gluteni ikiwa kina gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Mlo wa Dicke na meza ya sikukuu

Wagonjwa wa kwanza wa Dicke walikuwa watoto waliolazwa, na hospitali ilisimamia kila walichokula. Waliporudi nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya mama, bibi na shangazi. Ugumu ulizidi wakati wa sikukuu. Nchini Uholanzi sherehe ya Sinterklaas ya tarehe 5 Desemba huambatana na biskuti za viungo, Krismasi huwa na mkate wenye zabibu kavu, na mkesha wa Mwaka Mpya huliwa andazi za mviringo zilizokaangwa. Vyote hivyo hutengenezwa kwa ngano. Mtoto mwenye siliaki alikaa kati ya ndugu zake wakila vitu asivyoweza kuvigusa, na mkubwa aliyemwonea huruma na kumpa kipande angeweza kumrudisha hospitalini.

Delta ya Rufiji na Kibiti

Pwani ya Afrika ya Mashariki hali ni tofauti, na delta ya Rufiji ni mfano mzuri. Mto Rufiji unagawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Delta hiyo, pamoja na mji wa Kibiti ulio kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, iko katika mkoa wa Pwani. Kati ya misitu ya mikoko na kingo za mto wakazi hulima mpunga, na katika msimu wa kulinda mashamba familia hukaa katika madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Samaki na kamba hutoka mtoni na baharini. Muhogo, viazi vitamu, ndizi na nazi hutoka mashambani.

Vyakula hivyo vyote havina gluteni kwa asili. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kamba, kisamvu, ugali wa mahindi au wa muhogo, futari ya magimbi na ndizi ni salama kwa mgonjwa wa siliaki vikipikwa bila kuchanganywa na ngano. Mtama, uwele na ulezi ni salama pia. Pilau na biriani, ambavyo ndivyo chakula kikuu cha Idi, hupikwa kwa mchele. Vyakula ambavyo Dicke aliviruhusu kwa wagonjwa wake baada ya miaka mingi ya majaribio, kama mchele na mahindi, ndivyo vinavyojaza sufuria za Kibiti siku ya kawaida.

Ngano kwa sehemu kubwa huja katika eneo hilo kutoka mbali. Tanzania huilima hasa kwenye nyanda za juu, kwa mfano Hanang, na huagiza nyingine nyingi kutoka nje. Katika delta huingia zaidi kama unga wa pakiti, mkate na biskuti. Kwa sababu hiyo imekuwa chakula cha kifungua kinywa, cha wageni na cha sikukuu. Asubuhi ya Idi meza hupambwa kwa chapati, maandazi, sambusa, kalimati, visheti na tambi za sukari. Vyote hivyo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano.

Vitafunio kadhaa vya pwani vinaweza kuchukua nafasi yake bila mgonjwa kuonekana ametengwa:

Mkate wa kumimina, ambao huitwa pia mkate wa sinia, hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui la nazi, kisha kutiwa hamira, sukari na iliki. Hamira ya kawaida haina tatizo.

Vitumbua hutengenezwa kwa mchele kwa namna inayofanana na hiyo na kukaangwa katika kikaango chenye vishimo.

Vibibi ni chapati laini za maji za unga wa mchele na tui.

Kashata za nazi au karanga na ndizi mbivu za kupika kwa nazi zinafaa kuwa kitamutamu.

Hata hivyo jina la chakula pekee halitoshi. Baadhi ya wapishi huongeza unga wa ngano katika vitumbua au mkate wa kumimina ili ushikane. Samaki wa kukaanga anaweza kuwa amepakwa unga wa ngano. Kababu na katlesi mara nyingi hutiwa chenga za mkate. Sosi ya soya na baadhi ya viungo vya pakiti huwa na ngano. Unga wa lishe wa watoto wakati mwingine huchanganywa ngano pamoja na mahindi, ulezi na soya, jambo linalostahili kuulizwa mapema kwa sababu unalengwa kwa watoto walewale wanaodhoofika. Uji wa shayiri, ambao hupendwa katika mwezi wa Ramadhani, una gluteni.

Hatari nyingine hutokana na vyombo. Vitumbua vya mchele vikikaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi huchukua ngano. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani. Katika familia nyingi za pwani watu hula pamoja kutoka sinia moja, na mkono uliokatia chapati huingia katika mchuzi wa wote. Njia iliyo rahisi ni kumpakulia mgonjwa sehemu yake kwanza, kabla ya chapati kutengwa, kukaanga vyakula vya mchele kabla ya vile vya ngano, na kusaga au kutwanga mchele wake nyumbani. Njia iliyo bora zaidi ni kupika sinia zima bila ngano, ili mgonjwa ale pamoja na wenzake.

Suala la heshima nalo lina nafasi yake. Mgeni anayekataa chakula anaweza kuonekana anamdharau mwenyeji, na mtoto hana uwezo wa kumkatalia bibi yake anayemsogezea andazi. Kwa hiyo maelezo hutolewa vizuri zaidi kabla ya sikukuu, na mzazi kwa wakubwa wa familia, kuliko na mtoto mwenyewe mbele ya wageni. Mpishi akishajua kwamba jambo hili ni la tiba, kama ilivyo kwa mwenye kisukari na sukari, hupata urahisi wa kulitekeleza, kwa sababu vyakula mbadala tayari anavijua.

Urithi

Kazi ya Dicke ilibadilisha maana ya ugonjwa. Kabla yake siliaki ilitazamwa kama udhaifu wa tumbo la mtoto, na kila daktari alitafuta chakula cha kumtia nguvu: kome, ndizi au mkate uliochomwa. Dicke alitafuta chakula cha kuondoa. Alifanya hivyo bila darubini za kisasa wala vipimo vya jeni, kwa kupima uzito wa watoto, kuandika walichokula na kurudia jaribio mpaka jibu likawa lilelile.

Watoto ambao zamani wangekufa wakiwa wadogo sasa hukua, husoma, huoa au kuolewa na kuzaa, mradi wanaendelea na mlo wao. Utumbo ulioharibika hujijenga upya gluteni ikiondolewa, kwa watoto mara nyingi ndani ya miezi, na kwa watu wazima kwa muda mrefu zaidi. Mlo huo hauna siku ya mapumziko, na sikukuu ni mojawapo ya siku unazohitaji kulindwa zaidi.